Tuende Chuoni, au Chuo Kitujie Nyumbani?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, kabla ya mjadala juu ya Mfuko wa Masomo. — Mhariri)



Katika mkutano uliopita palitokea mabishano makubwa juu ya fedha za Mfuko wetu wa Masomo, na hata saa ya kufunga ilipofika hapakuwa na shauri lililokatwa. Upande mmoja ulisema fedha yote apewe mwanachama mmoja kijana, achukue ruhusa ya kazi, akae chuoni mpaka apate shahada yake, kisha arudi awe sifa ya tawi letu. Upande wa pili ulisema fedha hiyo igawanywe kwa wanachama kadha wa kadha watakao kusoma huku wakiwa mezani pao, kwa njia ya masafa. Maneno yalikuwa makali, na wengine waliondoka bila kuagana vizuri. Ndipo mkatuchagua sisi watatu tulitazame jambo hili pande zote, tuje tuwaambie tuliyoyaona. Twaomba mtusikilize kwa subira, maana hatukuja kumpendeza mtu.

Kwanza twataka kuiondoa fikira moja iliyosemwa na wengi siku ile, ya kuwa masomo ya masafa ni kitu kipya kilicholetwa na simu na kompyuta, na kwa hiyo hakijakomaa. Sivyo. Masomo ya namna hii ni ya zamani, tena yalianza kwa kazi yetu sisi makarani. Isaac Pitman, yule Mwingereza ambaye hati mkato yake iliwatoa jasho wapiga chapa wengi, alikichapisha kitabu chake mwaka 1837. Mwaka 1840, posta ya Uingereza ilipoanza kupeleka barua popote nchini kwa peni moja, akaanza kufundisha watu asiowaona kwa macho. Mwanafunzi alipelekewa somo, akaandika zoezi lake kwa hati mkato, akalirudisha kwa posta, nalo likasahihishwa likarudi kwake. Basi masomo ya masafa kwa namna tuijuayo yalianza na hati mkato, chombo cha kazi ya ofisi.

Miaka 18 baadaye, yaani mwaka 1858, Chuo Kikuu cha London kilipata hati mpya ya kifalme, nacho kikafungua mitihani yake kwa mtu yeyote awezaye kuifanya, awe amesoma chuoni au amesoma peke yake chumbani. Mwaka 1865 mitihani hiyo ilifanywa katika kisiwa cha Mauritius, katika bahari yetu hii ya Hindi. Mwaka 1878 chuo hicho hicho kikawa cha kwanza Uingereza kuwapa wanawake shahada sawa na wanaume. Twalitaja hilo kwa makusudi, nasi tutalirudia mbele kidogo.

Hata vyuo vikuu vyetu vyenyewe vya Afrika ya Mashariki vilianza chini ya mkono wa mbali. Makerere ilifunguliwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikakua, na tangu mwaka 1949 ikafungamana na Chuo Kikuu cha London, hata wanafunzi wake wakawa wanapewa shahada za London ingawa hawakuuona Mto Thames. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwezi wa Oktoba 1961 katika nyumba ya TANU, mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria, nacho pia kilisimama chini ya London kabla ya kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki mwaka 1963. Kikahamia kule mlimani mwaka 1964, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Basi anayedharau shahada iliyotoka mbali na ajue kwamba anawadharau na wazee wetu wa kwanza wenye shahada.

Kisha kikaja Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Sheria yake ilipitishwa na Bunge mwaka 1992, na masomo yakaanza mwaka 1994. Makao yake yako Kinondoni, Dar es Salaam, lakini kina vituo mikoani, na mwanafunzi hufanya mtihani katika kituo kilicho karibu naye. Jirani zetu wa Kenya nao walipata Chuo Kikuu Huria chao kwa hati ya mwaka 2023. Uingereza walikwisha kuwatangulia wote hawa, maana chuo chao cha namna hii kilipata hati mwaka 1969, kikapokea wanafunzi mwaka 1971, na masomo yakatangazwa katika redio na televisheni saa ambazo watu wengine wamelala. Tena hakikumwuliza mtu cheti cha kuingilia. Kilimwuliza tu kama yu tayari kufanya kazi.

Yatosha kwa habari za kale. Tuje kwenye shauri lenyewe.

Wale wasemao fedha apewe mmoja wana neno la haki, nasi hatutalipunguza. Yako mambo ambayo chuo cha kukaa hutoa na cha masafa hakiwezi kutoa. Mtu atakaye kuwa mganga hawezi kujifunza mwili wa mwanadamu kwa barua. Sharti aende Muhimbili au mahali pengine palipo na hospitali na waalimu wa kumshika mkono. Atakaye kuwa bwana shamba wa cheo cha juu atahitaji mashamba na maabara kama za Sokoine kule Morogoro. Mhandisi vivyo hivyo. Katika tawi letu wako vijana wawili watatu wenye akili ya hesabu na elimu ya viumbe ambao kazi ya faili si mahali pao, na kuwaambia wasome kwa masafa ni kumwambia samaki ajifunze kuogelea katika kikapu.

Liko na jambo la pili, nalo ni watu. Chuoni mtu hukaa na watu wa makabila yote na nchi nyingi, hula nao, hubishana nao usiku kucha, na huko ndiko fikira zake hupigwa kama chuma juu ya fuawe. Julius Nyerere alipokuwa Makerere kati ya mwaka 1943 na 1945, yeye na wenzake walianzisha chama cha Watanganyika waliosoma pale. Hakuna somo la Makerere lililowaamuru kufanya hivyo. Walikuwa pamoja, basi. Chama huanzishwa na watu wanaoonana. Na sisi wenyewe, mabibi na mabwana, twajua chanzo chetu: Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali mjini Tanga mwaka 1922, walikuwa makarani waliokutana kila siku katika mji mmoja. Yeye hakuwa na shahada ya chuo kikuu cho chote, kwa masafa wala kwa kukaa, wala hatudhani kwamba karatasi ingemwongezea sana. Lakini hayo tumeyasema kando tu.

Sasa twataka mkae kidogo na habari za karani mmoja, maana katika maisha yake njia zote mbili zimo, na hakuna aliyetufunza zaidi katika uchunguzi wetu. Jina lake Nelson Mandela. Wengi humjua kwa gereza na urais. Wachache hukumbuka kwamba alikuwa karani. Aliondoka chuo cha Fort Hare mwaka 1940 kabla ya kumaliza, kwa sababu ya ugomvi juu ya uchaguzi wa baraza la wanafunzi. Mwaka 1941 akafika Johannesburg, akapata kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili. Akapanga chumba Alexandra, mtaa usio na umeme. Mchana alifanya kazi ya ofisi, usiku alisoma kwa mshumaa masomo aliyoletewa na Chuo Kikuu cha Afrika ya Kusini, ambacho hufundisha kwa masafa. Siku nyingine alikwenda kazini kwa miguu, mwendo wa maili nyingi, ili nauli ya basi inunue mishumaa. Mwishoni mwa mwaka 1942 akashinda mitihani yake, na mwaka 1943 akavishwa joho.

Mwaka huo huo akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand, chuo cha kukaa chenye majengo na maktaba, kusoma sheria. Huko alikuwa Mwafrika peke yake katika wanafunzi wa sheria. Akaenda darasani huku akiendelea na kazi, akaoa, akapata watoto, akaingia katika siasa. Hata ilipofika mwaka 1949 shahada ile hakuipata, maana alikuwa ameanguka mtihani wa mwaka wa mwisho zaidi ya mara moja. Lakini tazameni alichokipata. Huko ndiko alikojuana na Joe Slovo, na Ruth First, na Ismail Meer, na George Bizos, watu ambao jina lake haliwezi kutajwa bila wao. Kwa hiyo chuo cha posta kilimpa shahada, na chuo cha majengo kikamnyima shahada, kikampa rafiki. Nani kati yetu atasimama aseme kipi kilikuwa bora?

Habari haikuishia hapo. Alipofungwa aliomba kusoma sheria kwa Chuo Kikuu cha London, naye akawa mwanafunzi wa masafa kule Robben Island, akivunja mawe mchana na kufungua vitabu usiku. Askari walipogundua mwaka 1977 kwamba alikuwa akiandika kwa siri habari za maisha yake, walimnyima haki ya kusoma kwa miaka minne. Shahada ya sheria akaipata mwaka 1989, tena kutoka kwa kile kile Chuo Kikuu cha Afrika ya Kusini, akiwa bado mfungwa, naye amepita umri wa miaka 70. Kati ya siku aliyoianza sheria na siku aliyoimaliza ilipita miaka 46.

Lakini twaomba msikie jambo moja ambalo katika habari hii hupitwa haraka. Wafungwa wa Robben Island wengi walisoma kwa posta, na wenyewe waliliita gereza lile chuo kikuu. Walilitoa wapi jina hilo? Si katika bahasha za posta. Walilitoa katika kule kufundishana. Machimboni, wakiwa na sururu mikononi, aliyejua historia alifundisha historia, aliyejua siasa alifundisha siasa, na msomi aliketi chini ya asiyesoma ikiwa huyu alijua jambo fulani zaidi. Masomo yalitoka mbali, lakini hawakusoma peke yao. Fikirini juu ya hilo tunapoendelea, maana ndilo tutakalolitegemea mwishoni.

Basi upande wa pili. Kwa nini karani asome kwa masafa?

Sababu ya kwanza yajulikana nyumbani kwa kila mmoja wetu, nayo ni mshahara. Mtu mwenye mke na watoto wanne akienda chuoni miaka mitatu, hujenga nyumba mbili kwa tofali za nyumba moja. Kule mjini apange chumba, ale, anunue vitabu, alipe ada. Na huku nyumbani kodi haingoji, watoto hawangoji, na mama mzee kijijini aliyezoea kupelekewa kitu kila mwisho wa mwezi hajui kwamba mwanawe ni mwanafunzi tena. Wengine watasema, iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Ni kweli, na imewainua wengi. Lakini mkopo ni deni, na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yaliweka makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Kijana wa miaka 20 huweza kulichukua jambo hilo kwa moyo mwepesi. Mtu wa miaka 36 mwenye mtoto wa sekondari hufanya hesabu mara mbili.

Sababu ya pili ni ile tuliyoahidi kuirudia. Bibi mmoja wa tawi letu, ambaye hatutamtaja kwa kuwa hakututuma, alituambia hivi: "Ninyi wanaume mnabishana kwenda au kukaa. Sisi hatukuulizwa." Akaeleza kwamba ana mtoto mchanga na mwingine wa miaka mitatu, mumewe ni mtumishi katika wilaya nyingine, na kwake yeye chuo cha kukaa si jambo la kuchagua, ni ukuta. Kama shahada haiwezi kuja nyumbani, basi hataipata kamwe. Tulinyamaza, maana tulitambua ya kuwa katika mabishano yote ya mkutano uliopita hakuna aliyesimama kusema neno juu ya wanachama wanawake, nao ni karibu nusu ya wanaolipa ada katika Mfuko huu. Chuo Kikuu cha London kililiona jambo hili mwaka 1878.

Sababu ya tatu ni kazi yenyewe. Anayesoma uongozi wa fedha usiku, asubuhi yake yu mbele ya vitabu vya hesabu vya idara. Anayesoma sheria hukutana nayo katika barua za wananchi. Somo halikai kichwani tu, huingia mkononi siku ile ile. Mwanafunzi wa chuoni huyaweka mengi akiba kwa siku ya kuyahitaji, na siku hiyo ikifika mengine yamekwisha kuota kutu.

Yako na maneno ya watu. Twasikia ikisemwa katika ofisi, na hata na wakubwa wengine, kwamba shahada ya huria ni ya daraja la pili. Hili tulilichunguza kwa makini. Chuo Kikuu Huria ni chuo cha umma kilichowekwa kwa sheria ya Bunge, na shahada zake zatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu sawasawa na za Mlimani. Mwenye shahada ya sheria ya Huria akitaka kuwa wakili huenda kwenye Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo pamoja na wenzake wa vyuo vingine, nao huketi dawati moja na kufanya mtihani mmoja. Tena mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga vyuo vyote nchini kutoka mwezi wa Machi mpaka tarehe 1 Juni, waalimu wa vyuo vya kukaa pande nyingi za dunia walilazimika kufundisha kwa masafa, wengine bila kujua waanzie wapi. Tangu hapo dharau imepungua kidogo, ila haijaisha.

Hata hivyo twawaonya juu ya jambo moja. Yako makampuni ya nje yenye majina makubwa yauzayo shahada kwa fedha, bila mtihani wala mwalimu, na hujiita vyuo vya masafa. Mtu hulipa, huletewa karatasi nzuri yenye mhuri wa dhahabu, na siku anapoipeleka Tume ili itambuliwe, huambiwa haina thamani ya wino wake. Mwanachama ye yote kabla ya kulipa hata senti moja na aulize kwanza katika Tume ya Vyuo Vikuu kama chuo hicho kinatambuliwa.

Sasa twafika mahali pagumu, nasi tusingekuwa waaminifu kama tungepaficha. Wengi waanzao masomo ya masafa hawamalizi. Jambo hili si la nchi yetu peke yake. Vyuo vya namna hii ulimwenguni pote hulilia jambo hilo hilo. Wala si kwa sababu ya ujinga. Tuliwauliza wenzetu waliojiandikisha wakaacha njiani, na majibu yao yalifanana sana. Mwaka wa kwanza moto unawaka. Kisha umeme hukatika usiku wa kusoma, kisha mkuu wa kazi huleta hesabu za kufunga mwaka juma lile lile la mtihani, kisha msiba, kisha mtoto huugua. Somo moja huahirishwa, kisha mawili. Kitabu hukaa juu ya kabati. Hakuna mwalimu wa kuuliza, "Fulani yu wapi leo?" Na mtu huyu haachi siku moja kwa kusudi, hujikuta amekwisha kuacha. Mmoja wao alisema neno ambalo hatulisahau: kwamba kilichomshinda si somo, bali ni kukosa mtu wa kumwambia kwamba hakulielewa.

Twaongeza na shida ya ofisi. Mwanachama mmoja aliomba ruhusa ya siku tano ili afanye mtihani katika kituo cha mkoa. Barua yake ikakaa katika trei ya mkubwa wake mpaka mtihani ukapita, ikarudi imeandikwa "Imeonekana". Imeonekana! Mwaka mzima wa masomo ulipotea kwa neno moja la wino mwekundu. Hatutaitaja idara hiyo, ila twasema kwamba chama ambacho hakiwezi kumsaidia mwanachama kupata siku tano, hakina haja ya kumpa fedha za ada.

Basi, Bwana Mwenyekiti, baada ya kuyapima haya yote, sisi watatu tulikubaliana katika mambo ambayo twayaleta mbele ya mkutano. Hatukukubaliana kwa wepesi. Mmoja wetu alishikilia mpaka usiku wa mwisho kwamba fedha yote igawanywe, na mwingine kwamba apewe mmoja. Mshika mawili moja humponyoka, alisema. Lakini alipoulizwa ni lipi litakaloponyoka hapa hakuweza kulitaja, na ndipo tukaelewana.

Twaona kwamba Mfuko usimpe fedha mtu kwa kuwa anataka shahada. Uulize kwanza, shahada ya nini, na maisha yake yakoje. Kijana asiyeoa, mwenye alama nzuri za masomo ya sayansi, atakaye kazi isiyoweza kufundishwa kwa masafa, huyo aende chuoni akakae, na Mfuko umsaidie kwa kile ambacho mkopo haukifikii. Mmoja tu kwa wakati mmoja, wala asipewe mwingine mpaka yule amemaliza. Naye atie sahihi kwamba atakuja kuwafundisha wenzake wakati wa likizo. Wengine wote wanaotaka masomo ya uongozi, ualimu, sheria, hesabu za fedha na mengine kama hayo, wasomapo kwa masafa, wapewe sehemu kubwa iliyobaki.

Lakini sehemu hiyo isitolewe mikononi mwao kama posho. Hapa ndipo twawakumbusha habari za machimbo ya Robben Island. Twataka nusu yake ilipe ada, na nusu itengeneze mahali. Chumba cha nyuma cha jengo letu, ambacho sasa kimejaa viti vilivyovunjika na mabango ya sikukuu za zamani, kisafishwe. Ziwekwe meza mbili ndefu, taa isiyotegemea umeme wa mji, kompyuta moja yenye intaneti, na kabati la vitabu ambavyo anayemaliza atamwachia anayeanza. Kifunguliwe jioni tatu katika juma, kuanzia saa 11 hadi saa 3 usiku, na siku moja kati ya hizo iwe Jumamosi mchana, ili wanachama wenye watoto wachanga waje nao bila kutembea gizani. Pawe na daftari mlangoni. Kila mwanachama aliyelipiwa ada aandike jina lake afikapo, na asipoonekana majuma mawili, katibu ampigie simu au aende kwake. Si kwa kumkaripia, ila amwulize ni somo gani lililomshinda. Wenye somo moja waketi pamoja. Aliyemaliza somo hilo mwaka jana aketi nao, awe amepata shahada au bado.

Juu ya ruhusa za mitihani, twaomba halmashauri iandike barua kwa wakuu wa idara zote za wilaya mwanzoni mwa kila mwaka, ikiambatanishwa na tarehe za mitihani kama zilivyotangazwa na chuo, pamoja na majina ya wanachama wanaohusika na jina la mwenzake atakayeshika kazi zake siku hizo. Mkuu wa kazi akijua mwezi wa kwanza, hana sababu ya kushangaa mwezi wa sita. Nakala ya barua ibaki katika faili ya chama, ili ikisemwa kwamba haikufika, ionekane sahihi ya aliyeipokea.

Yule bibi tuliyemtaja tulimwuliza kama chumba hicho kingemfaa. Akauliza kwanza kama mlango wake una kitasa, kisha akauliza fomu za kujiandikisha zafungwa lini. Tulimjibu la kwanza: kitasa hakipo, na bei yake tumekwisha kuitia katika hesabu tuliyompa mweka hazina. La pili twawaachia ninyi, maana tarehe ya kufunga haitungoji, na mkutano huu ukivunjika tena bila shauri, mwaka huu hakuna atakayekwenda chuoni wala atakayesomea nyumbani. Bwana Mwenyekiti, twaomba jambo hili lipigiwe kura leo.